Shimo namba sifuri

Katika mazoezi yote ninayowapa wanafunzi wa programu, ninalolipenda zaidi ni bao. Nasema bao la Kiswahili lenyewe, la mashimo 32 na kete 64, linalochezwa chini ya miembe hapa Tanga na kwenye vibaraza vya Unguja. Mwanafunzi akishazoea lupu na masharti, namwambia aniwekee ubao huo ndani ya kompyuta. Kila mchezaji aanze namua kama kawaida: kete sita ndani ya nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kulia kwake, na kete 22 zibaki mkononi. Simdai mchezo mzima. Namdai achote kete za shimo moja, azigawe moja moja kwa mwelekeo atakaoambiwa, na mwisho hesabu ya kete zote iwe bado 64.

Wengi hutumia Python, na wengi huanza kwa namna moja. Wanataka arei ya safu mlalo nne, kila safu ina mashimo manane, yote yakiwa na sifuri. Wanaiandika kwa mkato:

ubao = [[0] * 8] * 4

Ni mstari mfupi na unapendeza. Kisha mwanafunzi anaweka kete sita katika nyumba ya mchezaji mmoja, anachapisha ubao kwenye skrini, na anaona namba 6 zikiwa nne, zimesimama wima, moja kwenye kila safu mlalo. Ameweka kete sita, ubao una 24. Anafuta, anaandika tena, anapata vilevile. Wapo wanaofikia kuamini kuwa kompyuta ya maabara ni mbovu.

Kompyuta ni nzima. Python haikutengeneza safu nne. Ilitengeneza moja, ikashika anwani yake mara nne. Ukigusa shimo katika safu ya kwanza umeligusa katika zote, kwa sababu hakuna zote, ipo moja tu. Dawa ni kuomba kila safu itengenezwe upya:

ubao = [[0] * 8 for i in range(4)]

Ningeweza kuishia hapo, nikawapa dawa tukaendelea na somo. Siku hizi sifanyi hivyo. Nimeamini kwamba makosa ya arei yanayomsumbua anayeanza yana kwao: yana mwaka, yana mashine, yana watu waliokaa mezani wakaamua jambo kwa sababu zao. Mwanafunzi asiyejua historia hiyo hujiona mjinga. Akiijua, hugundua kwamba amejikwaa palepale walipojikwaa wakubwa wa fani hii.

Turudi Cambridge, Uingereza, tarehe 6 Mei 1949. Siku hiyo kompyuta iliyoitwa EDSAC, iliyojengwa na Maurice Wilkes na wenzake, iliendesha programu yake ya kwanza. Ilichapisha jedwali la namba zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe, kuanzia 0 hadi 99. Kumbukumbu yake ilikuwa mirija iliyojaa zebaki, ambamo taarifa zilizunguka kama mawimbi ya sauti. Kila sehemu ya kumbukumbu ilikuwa na anwani, yaani namba yake, na amri za programu zilikaa humohumo pamoja na data.

Sasa fikiria unataka kujumlisha orodha ya namba 20 katika mashine ile. Unayo amri inayosema: ongeza kilichomo katika anwani ya 100. Namba inayofuata iko anwani ya 101. Utafikaje huko bila kuandika amri 20? Jibu la wakati huo linawashangaza sana wanafunzi wangu. Programu iliichukua amri yake yenyewe kama namba, ikaiongezea moja kwenye sehemu ya anwani, ikairudisha mahali pake, kisha ikaitekeleza. Kwa kila mzunguko programu ilijiandika upya. Ukikosea hesabu kidogo, unakuwa umeharibu programu pamoja na orodha. Wilkes mwenyewe alikuja kusimulia jinsi alivyong'amua, katika siku hizo za mwanzo, kwamba sehemu kubwa ya maisha yake iliyobaki ingekwenda katika kutafuta makosa ya programu zake.

Mwaka huohuo, Manchester, Tom Kilburn, Freddie Williams na wenzao waliweka kitu kipya katika kompyuta yao ya Mark 1. Waliongeza rejista ya pembeni, iliyojulikana kama B, ambayo namba yake ilijumlishwa kwenye anwani wakati amri inatekelezwa, na amri yenyewe haikuguswa. Amri inasema 100, rejista inasema 7, mashine inakwenda 107. Katika kitendo hicho kidogo mna arei nzima tunayoifundisha leo: mwanzo, na umbali kutoka mwanzo. Na kitu kilichopo mwanzoni kabisa kiko umbali gani kutoka mwanzo? Sifuri. Hakuna aliyekaa kikao kuamua arei zianzie sifuri. Jumla ya anwani na umbali ndiyo iliyoamua.

Lakini wanasayansi hawakuwaza hivyo, na lugha ya kwanza kubwa ya programu ilitengenezwa kwa ajili yao. Mwaka 1957 kundi la John Backus pale IBM lilitoa Fortran kwa kompyuta ya IBM 704. Mhandisi aliyezoea kuandika x ya kwanza, ya pili na ya tatu kwenye karatasi alikuta Fortran nayo inahesabu kuanzia 1. Kompaila ilibeba mzigo wa kutoa ile moja kimyakimya. Fortran ilikuja pia na jedwali la pande mbili na hata tatu, na ililipanga katika kumbukumbu safu wima baada ya safu wima. Programu yenyewe ilitobolewa kwenye kadi za safu wima 80, na maagizo yalitakiwa yakae kati ya safu ya 7 na ya 72. Ukivuka 72, herufi unaiona kwenye kadi kwa macho yako, lakini kompaila haiisomi. Nawaza mara nyingi juu ya waliofundishwa hivyo: kosa lao la kwanza la mipaka ya arei lilikuwa kwenye karatasi ngumu, mkononi.

Sifuri ilirudi kwa njia ya Cambridge. Martin Richards alibuni lugha ya BCPL mwaka 1967, ambayo ndani yake kuandika v!i kulikuwa na maana moja tu: chukua anwani v, ongeza i, nipe kilichomo. Ken Thompson wa Bell Labs, Marekani, aliichukua akaipunguza ikawa lugha ya B. Dennis Ritchie akaikuza B ikawa C, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hadi leo katika C, a[i] ni njia nyingine ya kuandika kilichomo katika anwani ya a jumlisha i, na kwa kuwa kujumlisha hakujali kipi kimetangulia, ukiandika 5[a] kompaila inakubali. Huwa naionyesha hiyo darasani. Mwanafunzi akiona 5[a] inafanya kazi, haniulizi tena kwa nini ya kwanza ni sifuri. C ikazaa familia kubwa: C++, Java, JavaScript na nyinginezo. Zote zilirithi sifuri, hata zile ambazo hazimruhusu mtu kugusa anwani moja kwa moja.

Nawaambia wanafunzi wangu kwamba sisi sifuri hii tunaiishi kila siku. Tukisema saa moja asubuhi, tumehesabu muda uliokwisha kupita tangu mapambazuko: saa nzima imekamilika, ndipo tunataja moja. Saa ya kwanza ya mchana huanza kabla ya saa moja. Indeksi ya arei nayo inajibu swali hilohilo. Haiulizi wewe ni wa ngapi. Inauliza wangapi wamekutangulia.

Hoja yenyewe iliandikwa vizuri kuliko popote na Edsger Dijkstra, Mholanzi, katika waraka mfupi wa Agosti 1982. Alichukua namba kuanzia 2 hadi 12 akaonyesha njia nne za kuandika mipaka yake, kwa kutegemea kama ncha zinahesabiwa ndani au nje. Akachagua njia ambamo ncha ya chini imo na ya juu haimo: kuanzia 2, chini ya 13. Ukitoa 2 katika 13 unapata idadi yenyewe, 11, bila kuongeza wala kupunguza moja. Tena vipande viwili vinavyofuatana vinakutana penyewe, kwa sababu mwisho wa cha kwanza ndio mwanzo wa cha pili. Kisha akahitimisha: ukikubali njia hiyo, orodha ya vitu N ikianzia sifuri mipaka yake ni 0 na N, na ikianzia moja ni 1 na N+1, ambayo haipendezi. Alitaja pia uzoefu wa waliotumia lugha ya Mesa kule Xerox PARC. Lugha hiyo iliruhusu njia zote nne, na tatu kati yake zilizaa makosa mengi kiasi kwamba watumiaji walishauriwa waziache.

Dijkstra alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kituo cha hisabati cha Amsterdam. Kituo hichohicho, baada ya kubadilishwa jina, ndicho alichofanyia kazi Guido van Rossum alipotengeneza Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Kwa hiyo mwanafunzi wa Tanga anapoandika range(8) akapata 0 hadi 7, na 8 haimo, anafuata kanuni iliyotetewa katika waraka ule.

Bao ndilo lililonifanya niwe upande wa Dijkstra kwa moyo wote. Mchezaji hagusi safu zote nne wakati wa kugawa kete. Anazunguka katika safu zake mbili tu. Anakwenda safu ya mbele kutoka kushoto hadi kichwa cha kulia, anateremka safu ya nyuma, anarudi hadi kushoto, anapanda tena mbele. Anayebaki na arei ya pande mbili huandika masharti kwenye kila kona: kama niko mbele na nimefika mwisho, nenda nyuma; kama niko nyuma na nimefika mwanzo, nenda mbele; na kinyume chake akigawa upande wa pili. Kosa moja kwenye kona, kete inapotea.

Namwambia akunjue safu hizo mbili ziwe arei moja ya mashimo 16. Mbele ni 0 hadi 7 kutoka kushoto, nyuma ni 8 hadi 15 kwa kurudi. Shimo linalofuata, popote ulipo, ni (i + 1) % 16, yaani baki la kugawanya kwa 16. Ukiwa 15, unapata 0. Masharti yote ya kona yanakufa hapo. Jaribu hesabu hiyo na mashimo ya 1 hadi 16 uone utakavyohangaika kutoa moja na kuirudisha. Nyumba, ambayo ni shimo la nne kutoka kulia kwa mwenyewe, inakuwa namba 4. Shimo la adui linalotazamana na shimo langu la mbele i, kwa hesabu yake yeye anayeanza kushoto kwake, ni 7 - i. Kwa hiyo nyumba yangu inatazamana na shimo lake la 3, na nyumba mbili hazikabiliani ana kwa ana, kama anavyojua yeyote aliyewahi kukaa mbele ya ubao.

Hesabu hiyo ya baki ina mtego mmoja. Anayegawa kete kurudi nyuma anaandika (i - 1) % 16. Katika Python, akiwa shimo 0, anapata 15, sawasawa. Mwenzake anayeandika Java au C anapata -1. Java itamsimamisha palepale. C itakwenda kusoma chochote kilichokaa kabla ya arei na kukiita kete. Kuongeza 16 kwanza, (i + 15) % 16, kunamaliza tatizo katika lugha zote.

Hapo ndipo swali la mipaka linapoingia, na katika historia yote hii ndilo linaloniuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tony Hoare aliongoza utengenezaji wa kompaila ya ALGOL 60 kwa kampuni ya Elliott Brothers huko Uingereza. Kila programu iliposoma au kuandika ndani ya arei, mashine ilikagua kwanza kama indeksi imo ndani ya mipaka. Ukaguzi ulikula muda na nafasi katika kompyuta ambazo hazikuwa na ziada ya chochote. Baadaye waliwauliza wateja kama wangependa uwezo wa kuuzima ukaguzi huo ili kazi ziende haraka. Wateja walikataa kwa kauli moja, kwa sababu walikwisha kuona makosa ya indeksi yalivyo mengi. Hoare alisimulia hayo mwaka 1980 alipopokea tuzo ya Turing, akasikitika kwamba wabunifu wa lugha na watumiaji wao walikuwa bado hawajajifunza.

C ilikuwa imeshika njia nyingine, ya kasi na kumwamini mwandishi. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia programu iliyojisambaza yenyewe katika intaneti ya wakati huo. Mojawapo ya njia zake ilipitia huduma ndogo iliyoitwa fingerd, ambayo ilipokea ujumbe na kuuweka katika arei ya baiti 512. Ilitumia gets, kitendo cha C kinachosoma mstari bila kuuliza chombo kina ukubwa gani. Ujumbe ukizidi 512, ziada inafurika na kufunika taarifa za jirani, ikiwemo anwani ambayo programu ingerudi baada ya kumaliza kazi. Anayechagua ziada hiyo anachagua mashine ifanye nini baadaye. Inakadiriwa kompyuta 6,000 hivi ziliambukizwa. Kitendo cha gets kiliondolewa rasmi katika kanuni za lugha ya C mwaka 2011. Kwa hiyo mwanafunzi anapokasirishwa na ujumbe wa Python unaomwambia indeksi iko nje ya mipaka, namwambia ausome kwa utulivu hadi mstari wa mwisho. Ametendewa hisani ambayo wateja wa Hoare waliipigania na ambayo wengine waliikosa kwa miongo.

Limebaki jedwali la ofisini, na hapa historia yetu wenyewe inaingia. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Watu wengi wa rika la wazazi wangu hawakupitia kadi za Fortran. Kompyuta waliyokuja kuikuta mezani ofisini tayari ilikuwa na jedwali kwenye skrini. Jedwali hilo lilianza na Dan Bricklin, aliyekuwa mwanafunzi wa shule ya biashara ya Harvard mwaka 1978. Aliona jinsi namba moja ikibadilika ubaoni inavyolazimu nyingine nyingi zifutwe na kuandikwa upya. Yeye na Bob Frankston walitengeneza VisiCalc, iliyoingia sokoni mwaka 1979 kwa kompyuta ya Apple II, ikiwa na safu wima 63 na safu mlalo 254. Safu wima zilipewa herufi, milalo ikapewa namba kuanzia 1. Lotus 1-2-3 ikafuata mpangilio huo mwaka 1983, na Excel mwaka 1985.

Wanafunzi wangu wengi wamekua na Excel. Wameandika ada, mahudhurio na michango ya harusi humo kabla ya kusikia neno arei. Wanasema B3 bila kufikiri: safu wima kwanza, kisha mlalo. Arei ya pande mbili inataka kinyume, mlalo kwanza kisha safu wima, kama matriki za hisabati, na zote zinaanza sifuri. Hivyo B3 ya Excel ni data[2][1]. Namba zote mbili zimepungua moja na nafasi zimebadilishana. Kwenye jedwali la mraba kosa hili halionekani mara moja: programu inakwenda, majibu yanatoka, ila mahudhurio ya Asha yanasomeka kuwa ya Jumanne. Ndiyo maana nawapa ubao wa 4 kwa 8 badala ya 8 kwa 8. Ukipindua, utatoka nje ya mipaka na utajua.

Excel nayo ina kingo zake. Faili za mtindo wa zamani, zenye kiambishi xls, kuanzia toleo la 97 hadi 2003, zilichukua safu mlalo 65,536 na si zaidi, yaani 2 kwa kipeo cha 16. Kuanzia mwaka 2007 mtindo mpya unachukua 1,048,576. Mwishoni mwa Septemba 2020 mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza ilikuwa ikipokea majibu ya vipimo vya Korona kutoka maabara na kuyapitisha katika faili za mtindo wa zamani. Kila mgonjwa alichukua safu mlalo kadhaa. Faili lilipojaa, zilizozidi hazikuingia. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, watu 15,841 waliokutwa na virusi hawakuingia katika hesabu ya taifa, na wale waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati.

Wiki tunayosoma tukio hilo, darasa hupewa faili lenye safu mlalo 65,537. Programu ya kila mmoja inatakiwa itangaze namba mbili kabla ya kujumlisha chochote: ngapi zimesomwa, na ngapi zimehifadhiwa.